Wati Mia na Hamsini kwenda Soitsambu

Utingo alitaka kuipandisha kompyuta kwenye keria. Nikakataa. Tulikuwa Mto wa Mbu, saa nne asubuhi, mwezi wa Julai 2025, na gari la Loliondo lilikuwa limesimama kidogo tu kuokota abiria. Juu ya keria kulishajaa magodoro, ndoo za rangi, magunia ya mahindi na baiskeli. "Kaka, humu ndani hakuna nafasi ya boksi," alisema. Nikalipa nauli ya kiti cha pili, boksi kubwa likakaa dirishani kama abiria, la skrini nikalibana kati ya magoti. Kadi ya grafiki ilikuwa kwenye begi la mgongoni, nimeiviringisha ndani ya sweta, na begi lenyewe nikalipakata.

Kadi hiyo niliichomoa kwenye mashine makusudi. Ikiwa ndani, inashikwa na mdomo mwembamba ulioingia kwenye mazabodi na kibanio kimoja cha nyuma. Ukiiacha imening'inia humo kwa kutwa nzima ya barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, uzito wake wenyewe unaichokonoa sloti mpaka kitu kinaachia. Nilishawahi kupeleka mashine kijijini kwa njia ya Engaruka bila kufanya hivyo, na mwenye mashine alipoiwasha hakuona kitu. Safari hii sikuwa tayari kumfanyia hivyo mtoto wa dada yangu.

Dada ni mwalimu Soitsambu. Alipangiwa kituo huko akiwa binti, akaolewa huko, na sasa ukimwambia arudi Karatu anakuangalia kama umemtukana. Mwanawe ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, anachaji simu za watu kwa sola ya nyumbani na kuuza vocha. Alianza kucheza gemu kwenye simu, hasa lile gemu la mabasi la Waindonesia, Bus Simulator Indonesia, ambalo vijana wetu huyavika mabasi yake rangi za makampuni ya huku mpaka unadhani uko stendi ya Arusha. Kisha akaamua anataka kompyuta, tena ya kuunda mwenyewe, kifaa kwa kifaa. Akauza mbuzi wawili, akaongeza akiba ya chaji, ikafika laki nane. Akanitumia picha ya ukurasa wa daftari: prosesa ya Ryzen 5, kadi ya RX 580, pawa saplai ya wati 650, kesi ya kioo, feni sita zenye taa.

Orodha ile haikuwa ya kipuuzi. Alikuwa ameitafuta usiku kwa bando la bei nafuu, video baada ya video, na mtu aliyeko Dar es Salaam mwenye umeme wa TANESCO na mfuko mnene kidogo angeifuata bila kupotea. Nilimuuliza swali moja tu kwenye simu: "Betri yenu ni ya ukubwa gani?"

Akaenda kusoma kibandiko, akarudi. Volti 12, ampea 200 kwa saa, betri ya jeli, na paneli mbili za wati 200 kila moja. Tukapiga hesabu pamoja, yeye na kalamu kule, mimi na kalamu huku. Volti 12 mara 200 ni wati 2,400 za saa moja. Lakini betri ya namna hiyo ukiishusha chini ya nusu kila siku unaifupishia maisha, kwa hiyo halali yako ni 1,200. Inveta nayo hula kama sehemu moja ya kumi. RX 580 peke yake watengenezaji wameipa kiwango cha wati 185. Ukiongeza prosesa, skrini na feni zile sita, mashine inavuka wati 300 ikiwa kwenye gemu. Saa tatu na ushee, betri imefika nusu, na hapo hujawasha hata taa moja ya jikoni wala kuchaji simu ya mteja mmoja. Tukirudia hesabu ile ile kwa mashine ya wati 150, tunapata saa saba. Toa taa, televisheni na simu, zinabaki kama tatu kila siku yenye jua. Kijana akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mjomba, basi tuandike hiyo kwanza." Juu kabisa ya ukurasa mpya, kabla ya shilingi, akaandika: wati 150.

Nalisema hili kwa sababu karibu kila ushauri unaotolewa kuhusu kompyuta ya kwanza ya gemu huanza na fedha, kisha kadi, kisha prosesa. Umeme hauulizwi, kwa kuwa anayetoa ushauri anaishi mahali ambapo umeme uko ukutani. Kwa nyumba ya sola mpangilio unageuka. Betri ndiyo inayochagua kadi, kadi inachagua mashine, na barabara inachagua diski.

Gari liliacha lami likashika kaskazini. Kulia kwetu tambarare, kushoto ukuta wa Bonde la Ufa. Kufika Engaruka, pale penye mabaki ya mashamba ya mawe na mifereji ya watu waliolima kwa umwagiliaji karne nyingi zilizopita, vumbi lilikuwa limeshaingia kila mahali. Baada ya hapo unaanza kuuona Oldonyo Lengai. Mlima huo ulilipuka vikali mara ya mwisho kati ya 2007 na 2008, na udongo wa chini yake ni majivu laini kama unga wa sembe, yanayopenya hata kwenye zipu iliyofungwa. Nilikuwa nimeziba kila tundu la boksi kwa gundi ya karatasi. Mzee aliyeketi nyuma yangu akaniuliza kama ninapeleka televisheni. Nikamwambia ni kompyuta ya mpwa wangu. "Ya shule?" Ya michezo, nikasema, na ya kazi pia akitaka. Akatafakari, kisha akavua shuka lake moja akanipa nilitandike juu ya boksi. Nililirudisha Wasso likiwa limegeuka rangi.

Huku gari likitikisika, niliyapitia tena kichwani manunuzi ya Arusha, maana pale ndipo laki nane zilipopimwa.

Njia ya kuunda kila kitu kipya niliiuliza bei kwanza, kwa heshima ya ile orodha. Ryzen 5 5600G ina viini sita na grafiki yake mwenyewe ndani, kwa hiyo huhitaji kadi, na kiwango chake ni wati 65. Kwa sola ni chaguo zuri sana, na sloti yake inakuachia mlango wa kubadilisha baadaye. Lakini prosesa, mazabodi, RAM, diski, pawa saplai na kesi vikajumlishwa mbele yangu kuwa zaidi ya milioni moja, skrini bado. Angekuwa na milioni moja na laki mbili ningemchagulia hiyo bila kusita.

Iliyobaki ni njia ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki wamepita: kompyuta ya ofisi ya mtumba. Ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani, Dell OptiPlex, HP ProDesk, Lenovo ThinkCentre, hupangwa kwenye makontena na kuishia Kariakoo, Nairobi, Kampala na madukani Arusha. Ni mashine zilizotengenezwa zifanye kazi kutwa bila kelele. Zinahitaji kadi tu.

Mpwa wangu aliposikia hivyo alivunjika moyo. "Mjomba, hiyo si ya kuunda, hiyo ni ya kununua." Nilimwelewa. Mtu akitaka kujenga nyumba usimwambie apange. Lakini nikamweleza kwamba kuchagua kwenyewe ndiyo sehemu kubwa ya kuunda, na kwamba kwenye mtumba kuchagua ni kugumu kuliko dukani kwa vipya, kwa kuwa kila kifaa kinakuja na masharti yake na hakuna kitabu kinachokueleza.

Sharti la kwanza ni umbo. Mashine hizi huja nyembamba na huja nene. Ile nyembamba inapendeza mezani na bei yake iko chini, lakini haipokei kadi ya urefu wa kawaida. Utatafuta kadi fupi, na kadi fupi ni adimu na ghali. Chukua nene, ile ya kusimama. Sharti la pili ni kizazi cha prosesa. Windows 10 ilikuwa inafikia mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, miezi mitatu tu mbele yetu, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai kizazi cha nane kwenda juu. Mashine za kizazi cha nne na cha sita zilikuwa zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia. Nikazipita. Nilipata OptiPlex 3060 yenye i5-8500, viini sita, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256, kwa 420,000. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, na kwa barabara ya Engaruka hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Sharti la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Pawa saplai ya mashine hiyo ni ya wati 260, na plagi zake ni za Dell wenyewe. Huwezi kwenda dukani ukachukua ya kawaida ukachomeka. Waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa haumo. Kwa hiyo kadi yako lazima iishi kwa umeme inaopewa na sloti, ambao ukomo wake ni wati 75. Hapo orodha inakuwa fupi. Kuna GTX 1050 Ti iliyotoka Oktoba 2016, ina GB 4. Kuna GTX 1650 ya Aprili 2019, ina nguvu zaidi, lakini hakikisha ni ile isiyo na tundu la waya wa ziada, kwa sababu zipo zenye tundu.

Na hapa nataka mtu asome taratibu, kwa kuwa ndipo fedha za vijana zinapopotea. Duka la kwanza lilinipa kadi iliyoandikwa 1050 Ti kwa 130,000, imefutwa ikang'aa. Niligeuza nyuma nikaona tundu la buluu la VGA. Kadi za kizazi cha 1050 Ti hazitoi ishara ya VGA. Tundu lile kwenye kadi hiyo ni ushahidi kwamba ndani kuna kipande cha zamani zaidi kilichoandikiwa jina jipya kwenye programu yake, na Windows italisoma hilo jina jipya na kukuaminisha. Niliomba iwekwe kwenye mashine, nikafungua programu ndogo ya GPU-Z niliyokuja nayo kwenye flashi, na kadi ikaonyeshwa kuwa bandia. Nikashukuru, nikatoka. Kwenye kadi za AMD pia kuna mtego wake: RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ya soko la China, kiundani ni RX 570. Na nyingi kati ya hizo zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana mpaka Ethereum ilipobadili mfumo wake Septemba 2022 na wachimbaji wakazimwaga sokoni. Kadi ya mgodini si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimechoka na pesti yake ya kupitishia joto imekauka. Usinunue kadi ambayo hukuiona ikifanya kazi dakika kumi na tano mbele ya macho yako.

Nilipata 1050 Ti ya kweli kwa 190,000. Kasoro yake naisema wazi: ni ya zamani. Oktoba 2025 NVIDIA iliacha kutengenezea kizazi hicho programu endeshi mpya za gemu, ikabakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1650 haikuguswa na uamuzi huo. Tungekuwa na laki moja zaidi ningechukua hiyo.

Skrini ya inchi 22, mtumba, laki moja. Nilikataa mbili nzuri kwa sababu zilikuwa na VGA tu, na kadi ya kweli, kama nilivyosema, haina VGA. Niliyochukua ina DVI. RAM nyingine ya GB 8, inayolingana na ile ya kwanza ili zifanye kazi kwa pamoja, 45,000. Miezi michache baadaye bei za RAM zilipanda sana duniani kote, viwanda vilipogeukia mahitaji ya vituo vya akili mnemba, na kila nikikumbuka nashukuru hatukusubiri. Kibodi na mausi 25,000. Jumla 780,000. Elfu ishirini iliyobaki ikaenda kwenye kebo ya DVI, pesti na brashi ya kufutia vumbi. Inveta walikuwa nayo tayari, ya wimbi laini, na nilihakikisha hilo mapema: inveta za bei rahisi zinazotoa umeme wa ngazi-ngazi zinagombana na pawa saplai za kisasa.

Tulipita Ngare Sero mchana, ziwa Natron likimeta kwa mbali, kisha gari likaanza kuupanda ukuta kuelekea Sale. Huko juu hewa ni nyingine. Tukakuta lami, zile kilomita 49 za Sale hadi Wasso, na kelele zote ndani ya gari zikanyamaza kwa mara moja. Ndipo niliposikia kitu kikigonga ndani ya boksi la dirishani, tik, tik, kila kona. Njia nzima iliyobaki sikuwaza kingine. Wasso nikabadili gari, nikapanda linaloelekea Ololosokwan, na giza lilikuwa limeshaingia niliposhuka Soitsambu. Mpwa wangu alikuwa barabarani na tochi. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Akalichukua boksi kwa mikono miwili akatembea nalo polepole, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, hakusema neno hadi nyumbani.

Hatukuifungua usiku ule. Julai huko ni baridi kavu, watu wamejifunika mashuka na sweta, na shuka la akriliki ukilivua gizani unaona cheche. Cheche ndogo kama hiyo inatosha kuua RAM. Asubuhi, jua likiwa limepanda, tuliweka meza uani upande usio na upepo. Akavua shuka, akashika chuma cha kesi kama nilivyomwelekeza, akafungua mwenyewe. Kilichokuwa kikigonga kilikuwa skrubu moja iliyoachia. Akaiokota akaniangalia, mimi nikapumua.

Kazi yote aliifanya yeye. Aliifuta prosesa pesti iliyokauka, akaweka mpya kiasi cha punje ya harage. Akaingiza RAM ya pili. Kadi ilimchukua muda, akaogopa kuisukuma, kwa sababu inahitaji nguvu zaidi kuliko mtu anavyotarajia; iliposema tak, alicheka kwa sauti. Dada alitoka jikoni kuangalia. Tukachomeka, akabonyeza kitufe.

Skrini nyeusi. Taa ya kitufe ikapepesa rangi ya chungwa.

Uso wa kijana ulibadilika, na naamini wangu pia. Mbuzi wawili walikuwa pale mezani. Lakini taa ya Dell inapopepesa inakuwa inasema jambo, kwa idadi ya mipepeso, na tulipoitafuta maana yake kwenye simu ilikuwa: RAM haionekani. Ile ya kwanza, iliyokuja ndani ya mashine, barabara ilikuwa imeinyanyua upande mmoja kwa unene wa ukucha. Nilikuwa nimeikumbuka kadi nikaisahau RAM. Akazichomoa zote mbili, akazifuta, akazikandamiza mpaka vibanio vikajifunga vyenyewe pande zote. Safari hii maandishi yakatokea.

Gemu nililopakia Arusha, kwa intaneti ya rafiki, lilikuwa Euro Truck Simulator 2, la Wacheki wa SCS Software, la mwaka 2012. Nililichagua kwa sababu halihitaji mtandao ukishaliweka, haliisumbui kadi, na ni ndugu wa lile la mabasi analolijua. Tuliweka kipimo kati ya inveta na mashine. Akiwa barabarani kwenye gemu, mashine na skrini vilisoma wati 146. Akaandika kwenye daftari chini ya ile 150, akapiga mstari mara mbili.

Jioni alikuja mzee jirani. Kijana akasimama, akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini, kisha akaketi kwenye kigoda nyuma yake. Ni mcheza enkeshui hodari, ule mchezo wa mashimo na kete ambao Wamaasai huucheza kwa makundi, na jambo la kwanza alilouliza ni nani mpinzani.

"Niko peke yangu, mzee. Napeleka mzigo."

"Unautoa wapi?"

"Hamburg. Naupeleka Rotterdam."

Mzee akaitazama barabara kwa muda mrefu, taa za lori zikiimulika. "Yote ni lami?"

"Yote, mzee."

"Na ng'ombe wanavukia wapi?"

Kijana akapunguza mwendo, akaanza kuangalia kando ya barabara, kulia na kushoto, kana kwamba hakuwahi kulifikiria hilo. Waliendelea hivyo, mmoja akiendesha, mwingine akiulizia kila daraja. Saa tatu kasorobo usiku mpwa wangu alichungulia kipimo cha betri, volti 12.3. Akaingiza lori kwenye maegesho, akahifadhi safari, akazima skrini kwanza, kisha mashine, kisha inveta. Akafungua daftari, akawasha tochi ya simu, akaandika saa na volti.